Jembe langu na Mkongo wa Taifa

Jamani, mimi ni mtu wa mkongo, msinione hivi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, hapa kando ya barabara kuu iendayo Singida. Nimezihesabu mwenyewe nikiwa na ndala. Wenzangu mnakaa kando ya bahari, mimi nakaa kando ya intaneti.

Babu wa nyumba ya pili aliposikia mkongo unakuja alioga mchana, akavaa kanzu ya Idi, akajua ni mganga kutoka Kongo. Likashushwa bomba la plastiki. Siku mbili hakusema na mtu.

Humo ndani, nilielezwa, mna nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na kinachokimbia ni mwanga. Unatoka kwenye nyaya za baharini zilizotua Dar es Salaam, SEACOM ya 2009 na EASSy iliyofuata, unakatiza nchi mpaka mipakani. Yaani mtu wa Kigali akitazama mpira, goli lake limepita chini ya banda langu la mbuzi. Mimi matokeo nayapata kesho yake kwa dereva wa lori.

Nikamuuliza fundi, sasa mbona mimi sipati? Akasema, "Mzee, mkongo ni kama basi la Mwanza, halisimami kila anayepunga mkono." Kunivutia faiba mimi peke yangu, akasema, niuze mbuzi na banda lao. Basi nikabaki na bando langu la wiki, lile linalokata roho Jumatano, nalo mpaka nipande mwembe. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu. Mtalii anaishiwa pumzi mubashara! Mwembe wangu hauzidi mita sita, na picha ya mjukuu inazunguka tangu Ijumaa.

Ila masharti ya mkongo ninayo yote. Usichimbe. Kuna kinguzo cha onyo pale mbele. Nilimfunga mbuzi, nikaambiwa nimfungue. Mke wangu alitaka choo kipya, tukaambiwa tusogee nyuma. Nyuma ni jiko la mama mkwe. Nani atamwambia?

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nachimba shimo la mgomba, mbali kabisa na kinguzo, jembe la saba au la nane hivi, nasikia mwenye kibanda cha miamala anapiga kelele: mtandao umekata! Kijiji kizima kikageuka kunitazama. Nimeshika jembe juu, kama picha.

Mwenyekiti alikuja mbio, kiatu kimoja. "Umetukatia mkongo!" Nikamwambia mheshimiwa, shimo lina shubiri mbili, hata mnyoo sijamkata. Akachungulia, akaona mzizi mweupe wa mpapai, akasema ndio huo. Jembe likachukuliwa kuwa kidhibiti. Mama mkwe akapita pembeni, akasema alijua tu.

Jioni redioni wakatangaza: nyaya zimekatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, EASSy na Seacom zote mbili, nchi kadhaa ziko gizani. Nikaongeza sauti mpaka betri zikalia. Kati ya Msumbiji na Afrika Kusini! Na jembe hili la mkono!

Nikaenda kwa mwenyekiti na redio begani. Akasikiliza taarifa yote, akakuna kidevu, akaniuliza kama nina ndugu Afrika Kusini.

Jembe nilirudishiwa Jumatano, mtandao wenyewe ukiwa bado unajikongoja. Nilipolishika tu nikajua. Mpini wangu wa mpingo, niliouchonga mwenyewe, umebaki kwake. Nimerudishiwa wa mwarobaini, tena una ufa.