Faetoni na Punda wa Lamu

Mimi hukusanya chapa za zamani za michoro ya magari ya farasi. Mke wangu akiulizwa na wageni mumewe anapenda nini, husema mpira.

Ninayoienzi kuliko zote ni karatasi moja iliyotoka kwenye kitabu cha William Felton, fundi wa magari hapa London, kilichoanza kuchapishwa 1794. Ni mchoro wa faetoni ndefu, gari jepesi la farasi lililo wazi, ile ambayo kiti kimepandishwa juu ya magurudumu ya mbele, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeogopa hata kuanika nguo. Vijana wa kitajiri walikuwa wakizikimbiza hizo barabarani, Mwanamfalme wa Wales akiwemo.

Mjomba wangu alipokuja kutoka Lamu kunitembelea, nikamwonyesha. Yeye kazi yake ilikuwa kuchonga milango ya nakshi, kwa hiyo aliikagua kimyakimya, akafuata kwa kidole alama iliyoachwa ukingoni na bamba la shaba lililochongwa mchoro na kuchapia karatasi.

"Aliyechonga hii ni fundi," akasema. "Farasi yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba muunda magari alichora anachouza. Felton aliorodhesha bei za vipande, magurudumu, springi, taa, hata rangi. Farasi mteja alijitafutia mwenyewe.

"Mwanangu, umetoa pesa zote hizi ukapewa nusu ya chombo?"

Kengele ikalia, nikashuka kupokea mzigo. Jirani akanishika na habari za mapipa ya taka, na Mwingereza akianza mapipa hamalizi leo.

Niliporudi, mbele ya faetoni alikuwa amesimama punda. Punda wa Lamu hasa, kitambi kama mtumbwi, shogi mgongoni, kwa biki ya buluu. Na mjomba mkono wake haujachoka: alikuwa amekandamiza vizuri, wino umezama kwenye karatasi iliyookoka miaka mia mbili na zaidi bila doa.

Kumgombeza mjomba haiwezekani. Nikatafuta neno lolote la kusema, likanijia la kitaalamu.

"Mjomba, faetoni hii... huvutwa na farasi wawili."

"Si ungesema mapema!" akajibu, biki iko mkononi tayari.

Wa pili amegoma, kichwa kakigeuzia nyuma. Nilipouliza kwa nini, mjomba alinishangaa: tangu lini punda wawili wakakubaliana?