Dawa Nimepewa, Maneno Nimenyimwa

Sisi wa Kigoma hatubani maneno. Ukienda kununua fungu la dagaa pale Mwanga, utaulizwa habari za watoto, za mvua na za shemeji yako aliyehamia Kasulu, ndipo bei itajwe. Lakini ukimpelekea daktari ugonjwa wako, jambo kubwa kuliko dagaa, mazungumzo yanakwisha kabla kiti hakijapata joto.

"Unasumbuliwa na nini, mzee wangu?" aliniuliza kijana mmoja mwenye koti jeupe, macho yakiwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimeyapanga maelezo yangu tangu kwenye foleni: nianze na homa za usiku, nipitie kiunoni, kisha nitue kwenye kizunguzungu, ambacho ndicho hasa kilichonitoa nyumbani. Ile homa kutajwa tu, kalamu ikaanza kukimbia. "Kapime malaria." Kizunguzungu nilitoka nacho kama nilivyoingia nacho.

Nisidhaniwe kuwa nawaonea vijana wetu, kwani watafiti wa Marekani waliandika mwaka 1984 kwamba madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Sekunde 18, jamani! Muha aliyelelewa vizuri hajamaliza hata kusalimia.

Malaria ilionekana, nikapewa dawa ya mseto. Binti wa dirishani alieleza kwa pumzi moja kwamba nimeze vidonge vinne sasa, vinne baada ya muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili, huku mkono wake ukimwita aliyekuwa nyuma yangu. Jambo ambalo halikusemwa, nikaja kulipata kwa jirani yangu, karani mstaafu ambaye husoma hata karatasi za ndani ya boksi, ni kwamba mseto humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili haufyonzi dawa ya kutosha. Nami nanyimwa habari hiyo katika mji ambao mgebuka, samaki wetu wa ziwani, haupikwi bila mawese!

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Kliniki ya presha ilikwisha kuniamuru nipunguze mafuta na chumvi, na amri hiyo mke wangu ameishika kuliko mimi. Akasimama jikoni na dumu la mawese mkononi, akauliza amimine au asimimine, na jirani naye akaitwa kutoa hukumu. Kikombe cha maziwa kingetosha kumaliza kesi, lau mtu mmoja mwenye koti jeupe angelisema.

Na hiyo presha ina yake. Shemeji alipewa vidonge vya mwezi mmoja bila kuambiwa kuwa ni dawa ya kudumu. Vilipokwisha, naye akajihesabu amepona, kwa kuwa presha haiumi mpaka siku inapokuangusha. Mke wangu yeye alibahatika kumpata mganga mmoja mama aliyemwambia, "Hebu nieleze wewe, dawa hizi utazimeza vipi?" Hawakutumia hata dakika moja, lakini mpaka leo anatukariria dozi yake kwa majivuno yasiyovumilika.

Kliniki yangu ni Jumatatu. Nimekusudia kuanza na kizunguzungu, homa itasubiri zamu yake, na mke wangu ameapa kufuatana nami akiwa na dumu lake, ili daktari aamue mbele ya ushahidi.