Kabla ya kumlipia bibi MRI ya ubongo, uliza analalaje

Siku hizi mzee akianza kuuliza swali lile lile mara tatu, kikundi cha WhatsApp cha familia kinachangamka, michango inapita, na neno la kwanza kutajwa ni MRI, picha ya ubongo ya mashine ya sumaku. Dodoma mashine ipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hakuna tena habari ya kumpakia mzee basi la Dar. Hilo ni jema. Lakini kwa wazee wengi wa aina hii picha inatangulizwa wakati ilipaswa kusubiri zamu yake, tena nyuma kidogo ya foleni. Sababu mojawapo ni kwamba habari za utafiti wa ubongo zinatufikia nusu. Nyingine ni aibu, nayo nitaifikia.

Habari ya usingizi na ubongo iliyosambaa sana ni ya mwaka 2018. Watafiti wa Marekani walichukua watu 20 wenye afya, wakawapiga picha za PET mara mbili: baada ya usiku wa kulala, na baada ya kukesha saa 31 hivi. Alama za amiloidi, protini ile inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ziliongezeka kwa takriban 5% kwenye eneo la hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na jirani yake thalamasi. Vichwa vya habari vikasema usiku mmoja tu unatosha kukuharibia ubongo. Waumini wanaokesha kila Ijumaa wasishtuke. PET haioni donge la protini moja kwa moja. Mtu anadungwa kemikali yenye mionzi, kemikali inanata kwenye protini, kamera inahesabu miali. Ongezeko la usiku mmoja laweza kuwa protini iliyotengenezwa ikachelewa kuondolewa, wala si donge jipya. Na hakuna aliyeonyesha kwamba wale 20 walibaki na madhara.

Kwa nini usingizi uwe na uhusiano na protini hiyo? Seli za neva zinaitoa zaidi zikiwa kazini, yaani tukiwa macho. Mwaka 2013 ilielezwa kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo hupanuka kwa kama 60% na uchafu ukasombwa haraka. Hadithi ya ubongo kujideki usiku ikapendwa mno. Mwaka 2024 maabara nyingine ikapima panya kwa njia tofauti, ikakuta usombaji unapungua usingizini. Kwa binadamu, picha za MRI zilizotolewa 2019 zilionyesha maji ya ubongo yakiingia na kutoka kwa mawimbi makubwa ya polepole mtu akiwa usingizini. Mawimbi yapo. Kwamba yanasafisha kiasi gani, ubishi unaendelea, na anayekuuzia virutubisho vya "kusafisha ubongo" ameitangulia sayansi.

PET yenyewe, kwa mtu wa Dodoma, hebu tuipigie hesabu. Kemikali ya kwanza kuonyesha amiloidi kwa mtu aliye hai, matokeo yake yakachapishwa 2004, hutumia kaboni-11, ambayo nusu yake huisha kila baada ya dakika 20. Ukiipakia treni ya SGR pale Dar, dakika 100 baadaye imebaki moja ya thelathini na mbili. Zile za florini-18 zinapungua nusu kila dakika 110. Kwa treni ya saa tatu na dakika arobaini unapokea robo. Kwa basi la saa saba unapokea kama 7%. Ndiyo maana kipimo hiki hukaa jirani na kinu kinachotengeneza kemikali. Familia isiuze shamba la zabibu kwa ajili yake.

Tuje kwenye sonona, ugonjwa wa huzuni ya kudumu, ambao nao humfanya mzee aonekane anasahau. Mwaka 2015 ushirikiano wa kimataifa uitwao ENIGMA ulijumlisha picha za MRI za wagonjwa wa sonona 1,728 na watu wasio nayo 7,199. Hipokampasi za wagonjwa zilikuwa ndogo kwa wastani wa 1.2% hivi. Hipokampasi ya upande mmoja ina ujazo wa sentimita za ujazo tatu au zaidi kidogo, kwa hiyo tofauti yenyewe ni kama punje mbili za mchele. Watu wazima wawili wenye afya wanapishana kuliko hapo. Wastani wa maelfu unafundisha jinsi ugonjwa unavyofanya kazi, lakini hauwezi kusomwa kwenye picha ya bibi mmoja, na daktari anayeangalia MRI moja na kutamka "hii ni sonona" anabahatisha.

Swali gumu ni kipi kinatangulia: usingizi mbovu na sonona, au ugonjwa wa kusahau. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, hivyo usingizi mbovu wa mzee wa miaka 70 waweza kuwa matokeo ya ugonjwa na si chanzo. Uingereza kuna kundi la watumishi wa umma waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980 (mji wetu wa watumishi ujisikilize hapo). Kwenye matokeo ya 2021, watu karibu 8,000 kwa miaka 25, waliolala saa sita au pungufu mfululizo wakiwa na miaka 50, 60 na 70 walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau zaidi kwa 30% kuliko waliolala saa saba. Hiyo 30% haimaanishi watu 30 katika 100. Kama 10 kati ya 100 wangeugua, sasa ni 13. Kundi hilo hilo, mwaka 2017, lilionyesha dalili za sonona zikipanda miaka 11 hivi kabla ya ugonjwa kugunduliwa, kana kwamba ni tarumbeta yake ya kwanza. Jopo la jarida la Lancet lilipoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kuzuilika, sonona ilikuwemo, usingizi haukuwemo. Mimi nauchukulia usingizi kwa uzito hata hivyo, kwa sababu kuuboresha bila vidonge vya usingizi hakumdhuru mtu.

Na hapa ndipo aibu inapoingia. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, limegeuzwa utani mtaani. Kumwambia mzee "tukakuone kwa daktari wa akili" kunasikika kama tusi, ilhali kumpeleka kwenye mashine ya mamilioni kunasikika kama heshima. Basi familia inalipia picha ili isiulize swali: bibi, tangu babu afariki, kuna kitu bado kinakufurahisha? Mwenye sonona mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, na ukimuuliza hujibu "sijui" bila kujaribu. Wa Alzheimer huletwa na ndugu, na yeye hukana au hutunga jibu. Si kanuni ya chuma, wengine wana vyote viwili, lakini ni dakika kumi zisizo na malipo.

Dakika nyingine kumi ziende kwenye mfuko wa dawa. Mwambie abebe vidonge vyote, hata vya duka la jirani. Amitriptilini ni ya bei nafuu na huandikwa sana kwa usingizi, maumivu na sonona, lakini kwa mzee huvuruga kumbukumbu, huziba mkojo na humwangusha usiku. Piriton, dawa ya mzio, ikitumiwa kutafutia usingizi ina tabia hiyo hiyo. Diazepamu nayo huvuruga kumbukumbu na kumwangusha. Asiziache ghafla, zipunguzwe na daktari. Dawa ya presha ya kukojoza ikimezwa saa mbili usiku humwamsha mara nne. Ihamishiwe asubuhi kwa ushauri wa daktari. Anayelala naye chumba kimoja aulizwe kama anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka kwa kuhema. Halafu damu: sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende.

Kumbukumbu yenyewe ipimwe kwa kipimo kinachomfaa. Mzee wa Bahi au Kongwa ambaye hakusoma shule atafeli kipimo kinachomtaka aandike sentensi, na feli hiyo si ugonjwa. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti wa wilaya ya Hai, hutumia orodha ya maneno kumi na kupanga vijiti vya kibiriti. Huko Hai ndiko ilikoonekana kwamba 6.4% ya wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau.

Kama alianguka wiki chache zilizopita, ana kichwa kinachouma, mwendo umebadilika au amevurugika ghafla, usisubiri chochote: CT, picha ya eksirei ya vipande vipande, ya siku hiyo hiyo inaonyesha damu iliyoganda juu ya ubongo, na ni ya haraka kuliko MRI.

MRI ikiombwa baada ya yote hayo, ifanywe vizuri. Fomu iandikwe shida ni kumbukumbu, si "maumivu ya kichwa", ili mtaalamu aongeze picha za T1 (aina ya picha za MRI zinazoonyesha umbo la ubongo) za unene wa milimita moja na vipande vinavyokatiza hipokampasi kwa pembe mraba. Picha hiyo huchukua kama dakika tano, na kichwa kikitikisika gamba la ubongo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Asiyelala vizuri hutikisika, au husinzia na kushtuka. Apelekwe chooni kwanza, awekewe sponji pembeni mwa kichwa na vizibo masikioni, aelezwe kwa lugha yake, Kigogo kama ndicho, kwamba mlio ule wa kugonga si hitilafu. Pini za nywele, hereni na meno ya bandia yenye chuma vivuliwe nyumbani. Kama ana betri ya moyo, aseme kabla ya kuingia chumbani.

Kwenye majibu, daktari wa picha hutoa alama 0 hadi 4 kwa kusinyaa kwa hipokampasi. Alama 2 kwa mwenye miaka 65 inatia shaka. Kwa mwenye miaka 80 yaweza kuwa uzee wa kawaida. Karatasi ikisema tu "ubongo umesinyaa kulingana na umri", bila alama ya kulia na ya kushoto, irudishwe iongezwe. CD ile ile inatosha, bibi hana haja ya kulala tena kwenye mashine.