Msitutishe kwa pumzi, tuzungumze dagaa

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nusu ya oksijeni hutoka baharini, bahari inapata joto, basi siku si nyingi tutakosa pumzi. Hiyo nusu ni kweli. Planktoni za jamii ya mimea, vijimea visivyoonekana kwa macho vinavyoelea karibu na uso wa bahari, hutengeneza takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani kwa mwanga wa jua. Ila karibu yote hutumika humohumo baharini. Hewa tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21, ni akiba iliyokusanyika kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na haiishi kesho wala keshokutwa. Vitisho hivi vinaniuma kwa sababu vinatusahaulisha jambo lenyewe, nalo ni chakula.

Aliyewahi kwenda na boti ya dagaa siku za giza, mwezi haupo, anazijua planktoni hata kama hajui jina lake. Tia mkono majini uone maji yanavyometameta kwenye vidole. Vijimea vinaliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, jodari anafuata dagaa. Na kule Mangapwani, Unguja, kina mama wanasubiri na masufuria yao motoni, wachemshe na kuanika, mzigo mwingine ufike mpaka Kongo.

Vijimea hivyo vinataka jua la juu na mbolea ya chini. Kusi ikivuma huikoroga bahari, maji baridi yenye mbolea yakapanda. Lakini maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakatanda kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ukapata kazi kuyachanganya. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Roxy Mathew Koll, mwanasayansi wa Pune, India, walieleza kwamba planktoni hizi zimepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita magharibi mwa Bahari ya Hindi. Magharibi mwa Bahari ya Hindi ni hapa kwetu.

Oksijeni nayo ina sehemu yake, ila si kwenye mapafu yetu. Fungua soda iliyokaa juani uone gesi inavyotoroka. Maji ya moto hayashiki gesi vizuri. Tangu 1960 bahari za dunia zimepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake. Wa kwanza kukosa pumzi ni samaki.

Dagaa wakiadimika, lawama humwangukia mvuvi na nyavu zake. Nyavu za macho madogo zinaharibu, sibishi, na wanaozitumia wazuiwe. Lakini mzee mmoja wa boti aliniambia, "Mwanangu, zamani kusi ukizamia unatetemeka. Siku hizi maji vuguvugu." Huyo amekuwa akiipima bahari kwa ngozi yake miaka arubaini, na hakuna aliyemwandika. Vikao vya uvuvi vingeanzia kwake. Kila boti ipewe kipimajoto na daftari, kila giza waandike joto la maji na ndoo walizopata, na daftari hilo liwekwe mezani kabla ya kutaja faini.