Kazi kapata, sasa mbona mnamwacha?

Kuna kitu kinanikera sana kwenye programu za kusaidia watu waliokuwa wanalala nje. Mtu akishapata kazi tu basi, anapigwa picha na barua yake ya ajira, jina linaingia kwenye ripoti ya wafadhili, faili linafungwa. Baada ya miezi mitatu hayupo kazini, na watu wanasema si unaona, hawa hawapendi kazi. Hapana bwana, mlimwacha pale pale ugumu ulipoanzia.

Hebu chukua mwezi wa kwanza peke yake. Mshahara ni mwisho wa mwezi ila nauli ni ya kila siku, viatu vya kazi ununue mwenyewe, na kama bado unakaa hosteli ya dharura geti linafungwa saa tatu usiku wakati shifti yako inaisha saa nne, sasa hapo unachagua nini, kazi au kitanda? Halafu kwenye nchi zinazotoa posho kwa wasio na kazi, ukianza kulipwa tu posho inapunguzwa, madeni ya zamani nayo yanaamka, na kuna watu wanajikuta na hela kidogo kuliko walipokuwa hawana kazi kabisa. Hapo uvivu unaingiaje?

Na kuna hili ambalo mabosi wengi hawalioni. Mtu aliyeishi nje muda mrefu amezoea kwamba pakichafuka unaondoka, haraka, bila kuaga. Huko nje kuondoka ndiyo kinga yake. Sasa msimamizi akimfokea mbele ya watu, kesho haji. Simu moja jioni ile ile, kutoka kwa mtu anayemwamini, ingeweza kuokoa ile kazi. Lakini nani apige wakati faili limeshafungwa?

Wala si kwamba njia haijulikani. Marekani, huko New Hampshire, tangu miaka ya 1990 kuna mfumo ulioanzia kwa watu wenye magonjwa makali ya akili: unamtafutia mtu kazi ya kweli mapema, bila kumzungusha kwenye semina kwanza, halafu unabaki naye bila kuweka tarehe ya kumwacha. Umejaribiwa nchi nyingi na unashinda ule wa mafunzo kwanza. Wanaosema mpe nyumba tu mengine yatajipanga, waangalie jaribio la Kanada la 2009 hadi 2013, miji mitano, watu zaidi ya 2,000. Upande wa makazi lilifanya vizuri sana, ila nyumba peke yake haikuwaingiza watu kazini.

Sisemi mtu apewe mlezi wa kumfuata mpaka chooni. Na kama hataki bosi ajue alikotoka, bosi asijue, nukta. Gharama? Wengi wakishatulia simu zinapungua zenyewe, na kumwanzisha mtu upya kila mara nako ni hela.

Wafadhili mimi ningewaomba kitu kimoja, wasilipie idadi ya walioajiriwa, walipie walio kazini bado baada ya mwaka. Na aliyepoteza kazi ya kwanza akasaidiwa kupata ya pili ahesabiwe pia kama amefaulu, maana hata sisi tuliolala ndani maisha yetu yote ni wangapi tumedumu kwenye ile kazi ya kwanza?