Eti "toa jina tu, bosi"

Jamani hawa madalali wa majina wananichosha. Mtu anaingia dukani kwangu hapa Makoroboi, Mwanza, salamu ndefu, mara "bosi, kuna dili, wewe unatoa jina tu." Mgeni wake anataka kufungua kibanda cha kutengeneza simu, leseni hapati, basi itafutwe kitambulisho cha NIDA cha Mtanzania, TIN (namba ya mlipa kodi) ya Mtanzania, na mimi niwe mwenye duka wa kwenye karatasi.

Amri ya serikali ya Julai 2025 iko wazi. Asiye raia haruhusiwi kufanya biashara 15, zikiwemo kutengeneza simu, uwakala wa pesa za simu, saluni na kununua mazao shambani. Akikamatwa ni faini isiyopungua milioni 10 au jela hadi miezi 6, na kibali chake cha ukaazi kinafutwa. Dalali hayo anayasimulia vizuri kabisa. Kipengele cha raia anayemsaidia mgeni ndicho anachokiruka: milioni 5 au miezi 3 ndani. Yaani mimi! Kwa laki moja ya mwezi anayoniahidi! Na kodi isipolipwa, watu wa kodi, TRA, watampigia nani?

Mgeni mwenyewe simlaumu sana, huenda hata hajui anachouziwa. Kama ana mtaji, si asajili kampuni kwa wasajili wa biashara, BRELA, aombe vibali vya kazi na ukaazi, afanye biashara isiyokatazwa?

Huyu wa juzi nilipomkatalia alisema nina roho ya kwanini. Halafu akaniomba chaja.