Chumvi ile ile, presha mbili tofauti

"Mimi chumvi hainipati." Huyo ni kaka yangu, miaka 52, mtu anayenyunyizia chumvi chakula ambacho bado hajakionja. Tumekulia chungu kimoja, na hadi leo tukikutana tunakula sahani moja. Mwaka jana tuliweka mashine ya presha mezani tukapimana. Yeye 118 kwa 76, ya kawaida; mimi 146 kwa 92, ya juu. Nikasema mashine mbovu. Tukabadilishana viti, tukatulia dakika tano bila kuongea, tukarudia. Hali ile ile. Akacheka, akavuta kikopo cha chumvi upande wake.

Kumjibu ni kazi, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Mwaka 1962 mtafiti Lewis Dahl wa Marekani alieleza jinsi alivyozalisha koo mbili za panya: wote walilishwa chumvi nyingi, ukoo mmoja presha ikapaa, mwingine ukaendelea na maisha yake. Mwaka 1986 Myron Weinberger na wenzake wakawapima watu: waliwajaza maji ya chumvi kwa dripu, kisha wakawaondolea chumvi, na kuangalia presha inavyokwenda. Miongoni mwa waliokuwa tayari na shinikizo la juu, asilimia 51 presha yao ilifuata chumvi. Miongoni mwa wenye presha ya kawaida, asilimia 26. Wapo hata wachache ambao chumvi ikipungua presha yao hupanda kidogo.

Siri kubwa iko kwenye figo. Chumvi huvuta maji, na maji yakizidi kwenye damu, msukumo ndani ya mishipa huongezeka. Figo za kaka yangu, nadhani, zikiona chumvi imeingia huitoa kwenye mkojo bila makelele, na mishipa yake inalegea kuupokea ule ujazo. Kuna figo nyingine haziwezi kuisukuma nje mpaka presha ipande kwanza, kama bomba lililoziba nusu linalohitaji msukumo zaidi ili maji yapite. Kurithi kumo humo. Hali hii pia huonekana zaidi kwa watu weusi, kwa wenye kisukari, kwa ambao figo zimeanza kuchoka, na kwa kila mtu kadiri umri unavyosogea.

Hilo la umri ndilo ninalomgombeza nalo kaka. Anachukua kipimo cha siku moja anakifanya cheti cha kudumu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 ulichukua watu 213 wa miaka 50 hadi 75, ukawapa wiki moja ya chumvi nyingi na wiki moja ya chumvi kidogo sana. Takriban 7 kati ya 10 presha ilishuka wiki ya chumvi kidogo, wakiwemo waliokuwa kwenye dawa. Umri huo ndio wake. Na 118 yake haijasema lolote kuhusu chumvi, maana hajawahi kuipunguza aone!

Lakini na madaktari nao nina neno. Mimi niliambiwa "punguza chumvi" nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango. Hakuna aliyenieleza kwamba miili inatofautiana, wala kwamba hakuna kipimo chepesi cha kliniki cha kuonyesha uko kundi gani. Mtu akipunguza kisha asione badiliko, anaona amedanganywa, anarudia kikopo chake na kuacha vidonge juu yake.

Nikaamua kujipima mwenyewe, asubuhi na jioni, wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo ndani imo iliyojificha kwenye mkate, soseji na supu za pakiti. Hiyo iliyojificha ndiyo ilinitoa jasho. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria. Ya pili ulimi ukazoea, mkate wa dukani nikauona wa chumvi kupita kiasi. Wastani wangu ukashuka hadi 135 kwa 86. Huenda na kutulia kwangu kulichangia, sikatai, na dozi ya vidonge sikuibadilisha bila kuuliza.

Ile chumvi mbadala yenye potasiamu niliiacha dukani. Wengi inawafaa, ila mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa fulani za presha, potasiamu inaweza kumzidi mwilini hadi ivuruge mapigo ya moyo. Hiyo ni ya kumuuliza daktari kabla hujashika kitasa.

Kaka amekubali kujaribu wiki mbili kwa sharti moja: matokeo yasisomwe mbele ya wageni. Kikopo kimehamia kabatini. Leo ni siku ya nne, na tayari ameniuliza mara mbili kama maharage nimeyasahau kuyaunga.